Klachi Iliyolala Sonapur

Jumatatu, 4 Agosti

Landkruza ya bosi wetu, sir Hazim, imechemka tena. Ni ya mwaka 1984 na anaipenda kuliko zile mpya zote. Mzee Thuwein, msimamizi wetu Mzanzibari, amesema feni ya rejeta imevunjika mapanga na klachi inayoizungusha imekufa. Vyote vibadilishwe kabla ya Ijumaa, siku hiyo sir anampeleka mamake Hatta, kule milimani. Kisha habari kubwa: kuna nafasi moja ya fundi. Ndani, kwenye AC! Mimi na Dancan huosha magari nje ya gereji, jua la Al Quoz likitukaanga kama mandazi. Dancan akainua mkono. Mimi nikainua yote miwili, nikasema kwetu Kakamega nilishafungua injini nyingi. (Ilikuwa baiskeli. Kuifunga ndiko kulikonishinda.) Mzee ameamua: Dancan atoe feni ya zamani, mimi nifunge mpya. Maskini Dancan.

Jumanne, 5 Agosti

Vipuri vimefika. Klachi ni kidude kizito cha duara, kama sufuria yenye mapezi. Mzee alinikabidhi mwenyewe.

"Iweke imesimama, mwanangu. Ndani mna mafuta. Ukiilaza yatavuja, na feni haitavuta upepo."

Nikamjibu hayo nayajua tangu darasa la nne. Lakini Dancan aliitazama klachi yangu kwa jicho baya. Huyo anaweza kuja alfajiri akaifunga yeye! Nimetupa boksi, nikaitia klachi ndani ya shati, nikapanda basi la kampuni hadi kambi yetu ya Sonapur na tumbo la miezi saba. Jamaa mmoja akanipisha kiti. Sasa iko kitandani, chini ya mto wangu. Kusimama imekataa. Basi ilale, hata mimi nimechoka.

Jumatano, 6 Agosti

Mto umelowa mafuta! Nikamvaa Justus wa kitanda cha juu, kwamba mafuta yake ya nywele yananidondokea. Justus akavua kofia. Hana hata unywele mmoja. Sasa mafuta ya nini? Mtu wa siri sana huyo. Ila nywele zangu leo zinang'aa ajabu. Klachi nimeipangusa ikakauka kabisa, nikairudisha kazini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga! Bolti zote zimeingia, na moja imebaki ya akiba. Feni nikiisukuma kwa kidole inazunguka kama pia. Hata ile ya zamani ilikuwa hivyohivyo, sijui waliitupa kwa nini. Mzee akauliza klachi ililala wapi. Nikasema ilisimama usiku kucha kama askari. Akaagiza injini ingurume saa nzima nje, juani. Nimeiwasha ndani kwenye AC, dakika tano. Nani ateseke? Sir amefurahi, nitaenda nao Hatta kama fundi wa safari. Dancan akanitakia heri. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8 Agosti

Imechemka. Mlimani, karibu tufike. Mvuke kama jiko la harusi, na feni inajizungukia kivivu kama ya ofisi ya chifu. Mamake sir, jasho likimtiririka, akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye fundi?"

Sir akapiga simu gereji. Nikawa nampepea mama kwa kifuniko cha boksi la tende. Hatimaye likaja gari la kuvuta, na Dancan ndani, klachi nyingine imesimama mapajani, ameikumbatia kama mtoto wa kubatizwa. Akaifunga hapohapo barabarani. Feni ikavuma mpaka kofia yangu ikaruka. Mama akampa tende zote.

"Khalas, Hudson, basi," sir akasema. "Rudi kwenye ndoo."

Jumamosi, 9 Agosti

Ndoo. Jua. Dancan amevaa ovaroli ya buluu na anapitapita dirishani makusudi. Mzee Thuwein akaniuliza kama nimejifunza kitu. Sana, mzee! Nimejifunza kutolala chini ya Justus. Nimeshabadilishana naye, sasa mimi niko juu.

Leo Landkruza imeletewa betri mpya, eti Dancan aifunge Jumatatu. Thubutu! Imesafiri nami ndani ya ndoo, chini ya matambara. Imechorwa mishale ya kuelekea juu, lakini siku hizi wanaichora kwenye kila kitu. Nimeilaza chini ya mto.

Justus anauliza kutoka huko chini ni nini kinamdondokea, na mbona kinawasha. Nimemwambia avumilie. Ni zamu yake.