Begi Lilifika Kabla Yangu

Wasee, niko hai. Nimeaibika vibaya, lakini niko hai, na naanza na hiyo kwa sababu huku Gatuanyaga kuna watu bado hawajakubali.

Mnajua nilipewa likizo pale kiwandani Ruiru. Badala ya kulala kama watu wengine, nikakaa kuangalia video. Mzungu na mkewe wanatembea kwa miguu milima ya Uingereza, kijiji hadi kijiji, bila mtu wa kuwaonyesha njia. Wana ramani tu. Na mizigo yao inatangulizwa na gari. Wakifika jioni, begi liko chumbani na chai iko mezani. Nikajiambia, kwani mimi nina miguu ya nini?

Nikapanga safari yangu. Kutoka Mwihoko nitembee mpaka Thika, nilale kwa rafiki. Thika mpaka Gatuanyaga, nilale kwa Senge. Halafu Kilimambogo, nipande mpaka juu nipige picha. (Ya kuwaringia nyinyi. Nisamehewe.)

Senge kwa Kiluhya ni dadake baba. Ndiye alinilea, na kusema ukweli siendi kwake vile inafaa. Nikaamua nisimwambie naja. Nilitaka kumshtua kidogo. (Hapo nilifaulu.)

Jana ilienda sawa, ukitoa malengelenge. Leo asubuhi pale Thika nikatafuta mtu wa boda, nikamwelekeza kwa Senge, nikamkabidhi begi. Sasa yule jamaa wa video alikuwa amesema simu huharibu matembezi, mtu anafaa kusikiza ndege. Kwa hivyo kabla begi halijaondoka nikatupa simu humo. Pochi pia, na kitambulisho, kwa sababu vilikuwa vinanigonga paja. Nikabaki na kofia, kaptura, chupa ya maji na ramani niliyojichorea.

Huku kwetu hakuna mtu hutembea bure. Kila pikipiki ilisimama kuuliza kama nimekosa nauli. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi aliniuliza kama nimefutwa kazi. Nikamwambia hapana, hii ni likizo. Akaniangalia kwa huruma, akasema Mungu atafungua mlango mwingine.

Ramani yangu ilikuwa na vilima ambavyo Mungu hakuumba. Nikapotea. Kila niliyemuuliza njia aliniambia ni hapo tu mbele, na hiyo hapo tu mbele ikanipeleka kwa machimbo ya mawe, ikanirudisha, ikaniingiza kwa shamba la mtu mwenye mbwa. Mbwa wakanipitisha kwa ua wa miiba. Kaptura ikapasuka nyuma, kutoka juu mpaka chini. Ndege sikusikia hata mmoja.

Jua lilikuwa linaenda kuzama nilipoiona nyumba ya Senge. Nikafurahi. Halafu nikaona viti. Viti vya kanisa, vimepangwa uwanjani. Wamama wamejifunga leso wanaimba polepole, sufuria kubwa iko motoni, mchungaji amesimama na Biblia.

Wasee, hayo yalikuwa matanga. Senge amekufa. Senge amekufa na mimi niko njiani nachezea ramani.

Sikuuliza mtu. Kwetu ukifiwa unaingia bomani ukilia, kwa hivyo niliingia nikilia, mikono kichwani. Nikapita katikati ya viti, nikajitupa chini mbele ya mchungaji. "Senge wangu, umeniacha na nani? Si ungengoja hata nikusalimie!"

Wimbo ukakatika. Nikadhani wananihurumia, nikaongeza sauti. (Na nilikuwa nimelala kifudifudi. Kaptura ilipasuka wapi? Asanteni.)

Halafu nikasikia Mama Shiro, yule jirani mwenye duka. "Ngai, si huyu ndiye tunamlilia?"

Viti vikaanguka. Sijawahi kuona kwaya ikikimbia hivyo, wengine walipitia kwa mahindi. Mchungaji hakukimbia, lakini alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

Nikainua kichwa. Senge alikuwa amesimama mlangoni, mzima, macho mekundu, amekumbatia begi langu.

Kumbe mtu wa boda hakupata mtu nyumbani, akaacha begi mlangoni akaenda zake. Lilikuwa limeanguka njiani, limejaa vumbi na mkanda umekatika. Senge kurudi kutoka shambani, akalikuta. Akafungua, akaona kitambulisho changu. Akanipigia simu, na simu ikalia mle mle ndani ya begi. Sasa niambieni, siku hizi ni nani huachana na simu yake akiwa hai? Mama Shiro akasema lazima ni gari limenigonga, na msamaria mwema akaleta vitu. Nilivyofika, mtu alikuwa ameshatumwa Thika kuuliza hospitalini, na asiponipata huko apitie mochari.

Senge alikuja akanishika uso. Akanishika mabega, mikono, hata vidole. Alipomaliza kuhakikisha niko wote, akanizaba kofi moja safi.

"Tangu mchana natafuta maneno ya kumwambia mama yako," akasema. "Sijayapata. Nashukuru Mungu sijayapata."

Akaanza kulia upya, na mimi nikalia. Lakini hii ilikuwa tamu, wasee. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kupigwa. Kuna mtu aliyekuwa amenifia dakika chache tu, na sasa ananitukana kwa Kiluhya kutoka sebuleni mpaka jikoni.

Mchungaji akasema kwa kuwa watu wamekuja na viti vimebebwa, tugeuze iwe ibada ya shukrani. Hakuna aliyepinga, kuku walikuwa wameiva. Nimekula kuku wa matanga yangu mwenyewe, na firigisi nikapewa mimi.

Kesho siendi mlima wowote. Senge ameficha viatu vyangu na sijamuuliza wapi. Saa hii niko chooni, ndiko naandikia hii, na ameshagonga mlango mara mbili kuuliza kama bado niko.

Niko, Senge. Na nyinyi msinichekeshe, nikicheka kwa sauti atadhani nimeanza kulia tena.