Mmea Unaoniinamia Mimi

Jumatano, 8 Mei
Siamini! Padre mpya kampa Cheo Pabón mti wa mbele wa machela ya kubebea sanamu ya San Isidro! Mti wa marehemu baba! Baba kaubeba kila sikukuu, peku, mpaka alipozikwa. Padre anasema anataka mcha Mungu. Cheo! Mtu anayekoroma tangu Injili mpaka baraka! Kaja dukani kunicheka. Eti Tato, wewe utabeba maua na akina bibi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimepata! Padre Shemweta katoka Tanzania. Moriviví ni mmea wetu sisi wa Puerto Rico, hajauona maishani. Ukiugusa, majani hujikunja. Mimi nasali, ncha ya kiatu inagusa shina, mmea unainama. Muujiza! Nimeng'oa malishoni ndoo kwa ndoo, nimepanda njia nzima ya kanisa. Miiba imenitoa damu vidole vyote. Si kitu.

Jumapili, 12 Mei
Aibu gani hii! Nilisali kwa sauti, macho mbinguni. Majani yakainama. Doña Provi, yule bibi wa maua ya kanisa, akapiga ishara ya msalaba. Padre akacheka mpaka miwani ikadondoka. Kumbe kwao Muheza umejaa kila kichochoro! Wanauita kifauwongo, watoto wanauchezea wakienda shule. Nimepigwa na butwaa. Umevukaje bahari yote hiyo? Nani kaupeleka, na kwa ruhusa ya nani? Padre hajui. Akanionea huruma, akanipa mti wa nyuma. Nyuma ya Cheo!

Jumatano, 15 Mei
Mungu wangu! Leo sikukuu yenyewe, na wabebaji hutembea peku! Na mimi nilijua, nimezaliwa hapa! Cheo akakanyaga miiba, akaruka kama mbuzi. Nami nikakanyaga. San Isidro akayumba, akaangukia kifuani kwa Doña Provi na maua yake. Nimezomewa mpaka mlangoni kwangu. Padre kaniambia niung'oe wote kwa mikono yangu, na machela nisiiguse maadamu yeye yupo. Nimelia. Mti wa baba!

Jumamosi, 18 Mei
Nimeng'oa wote. Mgongo sina. Lakini habari! Padre anahamishwa mwisho wa mwaka, anakuja mwingine kutoka Poland. Nikakimbia kwa mwalimu kumuuliza kama moriviví huota huko. Akasema thubutu, theluji ingeuua siku ya kwanza. Hawaujui! Mbegu nimeficha kwenye kopo la kahawa. Na miiba nimeifikiria vizuri. Safari hii mimi nitavaa viatu.