Malalamiko Dhidi ya Mtathmini Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vibaya. Shemeji, kaka yake mke wangu, alipita nyumbani kabla sijamaliza chai akaacha fulana ya njano. Kifuani ina picha ya tangi la maji. Anauza matangi, na amemwambia dada yake kwamba nafasi ipo dukani, nianze Jumatatu ijayo. Fulana imenikaa sawasawa. Sijui walinipima lini.

Mke wangu anasema hanilazimishi. Ila mkataba wangu unaisha Ijumaa, na amechoka kuulizwa na mama yake mimi nafanya kazi gani hasa. Nikamwambia mimi ni mtathmini. Akasema anajua, hilo ndilo anashindwa kulieleza.

Kuna ugumu gani? Ofisini tuna akili mnemba inayoitwa Wakala. Unamwambia unataka kazi ipi, anakuandikia barua ya maombi na kuituma mwenyewe. Sisi tunasoma barua, nyingine zake, nyingine za watu, zote zimefutwa majina ya watu na ya sehemu walizofanya kazi. Inajibu tangazo? Inadanganya? Inasikika kama mtu? Tunatoa alama, moja hadi kumi, na maoni. Tuko wawili. Namba Moja ni Bi Miwani, mwalimu mstaafu, aliyeninunia tangu siku nilipokalia mto wake. Namba Mbili ni mimi.

Mchana meneja katangaza kwamba mmoja wetu atabaki, awe msimamizi. Barua za maombi mwisho keshokutwa. Nikamtupia jicho Bi Miwani. Ameshachomoa kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Bi Miwani ajichoshe na kalamu yake. Mimi nitamwachia Wakala. Kazi aifanye yeye, cheo nichukue mimi.

Tatizo ana maswali kama askari. Kwa nini niliacha kazi tatu kabla ya mwaka kwisha? Nikamwambia kote nilionewa wivu. Akauliza nina ushahidi gani. Nikasema ushahidi ni kwamba walinifukuza. Akauliza tena, kwa upole, kama kuna kosa lolote ninalolikumbuka. Nikakiri, iwe siri yetu, kwamba lile la zahanati labda lilikuwa langu. Nilikuwa nagawa namba za foleni, na nikajigawia namba moja kila siku ili nikapumzike.

Baada ya hapo sijui nini kilinipata. Nilimwaga kila kitu. Fulana ya njano. Mama mkwe. Mke wangu anavyotoka kwenda kazini huku mimi bado natafuta soksi. Nilikuwa sijamwambia mtu. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi la kibodi.

Barua ikawa tayari, ndefu. Wakala akaniomba niisome kabla hajaituma. Nisome ya nini? Barua zake nimezisoma mpaka naziota. Na chai ilikuwa inapoa. Nikabonyeza tuma.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemshughulikia mpinzani. Nilimkuta Bi Miwani kwenye birika, nikamnong'oneza kama rafiki kwamba meneja hapendi watu wa kujipiga kifua. Ajishushe. Akiri makosa yake yote, ataje na kazi zilizomshinda. Akaniangalia juu ya miwani kwa muda, akanishukuru, akanipa biskuti.

Nilijisikia vibaya mpaka biskuti ilipokwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja ana vituko. Kaamua barua zetu mbili tuzitathmini sisi wenyewe, bila majina, kama barua nyingine yoyote. Anasema msimamizi wa kweli huitambua barua nzuri hata ikiwa ya mpinzani. Anatuamini, eti sisi ni waungwana. Ilibidi nikohoe kuficha kicheko.

Barua ya kwanza ilinipa raha. Mwombaji ameongoza mamia ya watu, wengi wao leo wana vyeo. Hakuna kosa lililowahi kupita mbele ya macho yake. Mamia nadhani ni ile foleni ya zahanati. Wakala katia chumvi, lakini moyoni ndivyo nilivyo. Kumi.

Ya pili, loo. Bi Miwani kaingia mtegoni mzima mzima. Kaandika: "Nimepoteza kazi tatu, na kila mara niliwalaumu wengine. Kazi hii ndiyo ya kwanza ninayoogopa kuipoteza, kwa sababu kila barua ninayosoma imeandikwa na mtu mwenye tumbo joto kama langu. Nyumbani kuna mtu ambaye amenivumilia kuliko nilivyostahili, na hajawahi kunisema mbele za watu."

Kazi tatu! Na miwani yote ile. Anayemvumilia atakuwa dada yake anayeishi naye, maskini. Nikampa moja, na maoni nikayaandika kwa raha zangu: "Mtu wa namna hii namfahamu. Ni mzembe, anatafuta huruma. Hafai kusimamia hata foleni. Namhurumia aliye nyumbani kwake."

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Fulana ya njano nimeifanya tambara la kufutia viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Meneja alituita wote wawili. Kasema Mtathmini Namba Moja aliipa barua yake mwenyewe saba, kwa sababu ilikuwa na majivuno kidogo, na barua ya mwenzake akaipa tisa. Nikatabasamu. Akasoma maoni ya Bi Miwani: "Mwombaji huyu amejiona alivyo. Nimesahihisha kazi za watu maisha yangu yote, sijakutana na wengi. Apewe yeye." Nikazidi kutabasamu. Kisha akasema Mtathmini Namba Mbili, jambo ambalo yeye meneja hajawahi kuliona, kaipa barua yake mwenyewe moja. Akayasoma na maoni yangu. Polepole. Yote.

Alipofika kwenye foleni nilitamani ardhi ipasuke. Bi Miwani alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Meneja kasema ningeipa tisa tu kama mwenzangu, nafasi ilikuwa yangu. Nikajaribu kueleza kwamba nilidhani barua ni ya Bi Miwani. Nilipomaliza kueleza nikaona mambo yameharibika zaidi.

Mlangoni Bi Miwani kaniambia ushauri wangu wa Jumatano hakuufuata, maana amefundisha wavulana wengi. Ila akasema alifurahi kuona mimi mwenyewe nimeufuata. Akanipa biskuti. Nikaitia mfukoni.

Nyumbani nilimpa mke wangu ile barua aione, nikitaka anisaidie kumlaani Wakala. Aliisoma amesimama, mkoba bado begani. Mwishoni kabisa, sehemu ambayo mimi sikuifikia kwa kuharakia kutoa moja, imeandikwa: "Sitafuti cheo. Nataka tu mke wangu awe na jibu akiulizwa ninafanya nini."

Aliutua mkoba. Akafuta macho kwa kiganja. Akasema mtu huyu angemwajiri hata yeye, kesho asubuhi. Kisha akaniuliza yuko wapi.

 Nilienda kujifungia bafuni nikafungua bomba ili nisisikike. Nimewahi kuumia, lakini si hivi. Nilipotoka nikakuta ile fulana imefuliwa, inakauka kwenye kamba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka nina mwanga mpya. Nimelitafakari jambo hili kwa kina na nimegundua kosa liko wapi.

Kosa ni la Mtathmini Namba Mbili.

Hebu fikiria. Barua nzuri, iliyomtoa mke wangu machozi, iliyopewa tisa na mwalimu mwenye uzoefu, inakuja kuuawa na mtu mmoja mwenye chuki binafsi. Mtu hakuisoma hata mpaka mwisho! Huo ni uonevu wa wazi, na lazima mhusika achukuliwe hatua. Rufaa ipo kwa ajili ya watu kama mimi.

Nimemfungua Wakala kwenye simu ya mke wangu. Nimemwambia aandike malalamiko makali kwa meneja, amshtaki huyo mtathmini, adai afukuzwe na asiajiriwe tena popote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika hivi. Akauliza mtathmini huyo ni nani. Nikasema anamjua, ajaze mwenyewe.

Ameandika kurasa mbili. Ananiomba nizisome kwanza.

Shemeji anapiga honi nje, anataka nijaribu fulana mbele yake. Nimebonyeza tuma.