Mfungo Wetu Umeingia Kwenye Takwimu za Moshi

Daraja Mbili, Arusha
25 Septemba 2009

Kwa Bwana Mratibu,
Mradi wa Kupima Moshi wa Mkoa

Shikamoo. Naitwa Nusura, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Mmetangaza kwamba mtaa wetu ni wa kwanza mkoani kwa kuelekea uchumi wa kaboni kidogo. Kwa heshima zote naomba mtuvue ushindi huo, kwa sababu kosa ni langu.

1. Mpimaji wenu, Bwana Philemoni, alikuja saa saba mchana, katikati ya Ramadhani. Aliniuliza kama leo tumepika. Nikasema hapana. Jana mchana? Hapana. Juzi? Hapana. Shuleni tulifundishwa kujibu swali lililoulizwa tu, tena nina haya, kwa hiyo sikutaja futari. Yeye alijua tumefunga, maana alikunywa maji yake ameelekea ukutani. Lakini alisema fomu haina mahali pa kuandika mwezi.

2. Mama Hedwiga wa mtaa wa Sakina, mwenye ng'ombe wawili na jiko la gesi ya samadi, alikutwa akisonga ugali. Mkampa alama nyekundu. Siku hizi nikimwamkia anaitikia, "Marahaba, bingwa wa hewa," halafu anatazama pembeni.

3. Tangu juzi mwenyekiti wa mtaa amekataza majiko ya mkaa nje mpaka wageni wenu wanaokuja kuutazama ushindi wapite. Mama yangu anauza sambusa. Sasa anakaangia chumbani, mlango umefungwa. Moshi uliokuwa ukielekea Mlima Meru umehamia kwetu, na bibi anakohoa.

4. Mwakani mnataka moshi upungue nusu tena. Kwa hesabu yangu itabidi tufunge miezi yote kumi na miwili, na watu wa Sakina nao wafunge, Walutheri wakiwamo. Sambusa za mchana atanunua nani?

Kwa hiyo naomba mtupime upya saa ya kufuturu, au mhesabu Idd, tulipowasha majiko manane ya pilau kwenye ua mmoja.

Msalimie Bwana Philemoni, wapimaji wenzake wote, na aliyeitunga ile fomu.

Ni mimi niliyejibu kwa usahihi na kuwapotosha,
Nusura Mikidadi

N.B. Kabla sijaenda posta, zawadi ya ushindi imeletwa: jiko la gesi na mtungi wake. Mama ameshakaanga sambusa za kwanza na bibi hajakohoa. Mama anasema kipimo chenu kilikuwa sahihi kabisa. Naomba usisome namba moja hadi nne. Ninaituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika, na haibanduki.