Kuzimwa kwa Jenereta Usiku wa Roki, na Haki ya Joash

Nyumba za mabati, Rhonda,
Nakuru.
Februari, 1974.

Kwa Bwana Shantilal,
Katibu wa Kamati ya Ukumbi,
Section 58, Nakuru.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za wenzangu Wanyoike na Achola, ambao wameketi hapa kitandani wakiichunga kalamu yangu isije ikaandika uongo. Mimi ni Naftaly Khisa, mtu wa Kimilili, mpakiaji mawe katika machimbo ya kokoto yaliyo njia ya kwenda Njoro. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo herufi zikipinda unisamehe. Maneno yenyewe yamenyooka.

Jana nilipita mlangoni pa ukumbi wako nikakuta karatasi imebandikwa. Inasema kwamba vibarua watatu wa machimbo wasiruhusiwe kuingia tena, kwa sababu walifanya ishara za kihuni na kuharibu onyesho la muziki wa roki. Sahihi ni yako. Aliyeibandika ametumia misumari minne, kana kwamba karatasi ingetoroka. Nimeambiwa pia kwamba Joash, mlinzi wenu anayeendesha jenereta, amesimamishwa kazi kwa kuizima katikati ya wimbo.

Onyesho lingine ni Jumamosi ijayo, kwa hiyo sitazunguka. Naomba mambo mawili. Karatasi ing'olewe kabla ya Jumamosi, na Joash arudi kazini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ile haikuwa ishara ya kihuni. Ilikuwa ishara ya kazi.

Wewe, Bwana Katibu, ni mtu wa duka la vitambaa. Kitambaa hakipigi kelele. Mashine ya kuponda mawe inapiga kelele hata jina lako unalisahau. Ndiyo maana sisi tunazungumza kwa mikono. Ukitikisa kidole gumba mdomoni, una kiu. Ukichora tumbo kubwa hewani, nyapara anakuja. Na ukipishanisha mikono miwili juu ya kichwa, maana yake ni: zima mashine. Ishara hii haina swali. Huulizi ni nani, huulizi ni kwa nini. Unazima kwanza, mengine baadaye.

Achola aliwahi kukamatwa mkono wa koti na ukanda wa mashine. Aliyekuwa kwenye injini siku hiyo ni Joash, kabla hajaja kwenu. Mtu mmoja alipishanisha mikono, Joash akazima, na koti likapotea lakini mkono ukabaki. Mkono huo ulikuwapo ukumbini kwako usiku ule, ukicheza. Nauleta kama shahidi wangu wa kwanza. Ukitaka kuuona, Achola yuko tayari kuja nao.

2. Katika watu wote waliokuwa ukumbini, sisi ndio tulikuwa na adabu kuliko wengine.

Kwanza tulioga. Tulioga mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama kuna harusi. Lakini vumbi la kokoto halitoki lote, na kijana mmoja pale mlangoni alimwuliza Wanyoike anatumia poda gani. Wanyoike alimjibu kwa upole kwamba inapatikana bure njia ya Njoro, aje Jumatatu saa moja asubuhi na sepetu. Mkata tiketi naye akatuambia, "Wazee, hapa si kilabu cha busaa." Achola akamwambia, "Busaa tumeshakunywa, bosi. Sasa tumefuata gitaa." Watu wakacheka, naye akacheka, tukaingia kwa amani. Huo ndio uhuni wetu wote.

Ndani, muziki ulipoanza, watu wenu waliosoma walianza kupigiana kelele masikioni. Walitemeana mate. Msichana aliomba maji akaletewa mwavuli. Sisi watatu tulikuwa tumetawanyika, mimi karibu na jukwaa, Wanyoike ukutani, Achola kule kwenye soda, na tulizungumza jioni nzima bila kumsumbua mtu. Achola aliniuliza kwa mkono kama nataka soda ya machungwa au nyeusi. Nikamjibu ya machungwa. Ikaja.

Binti mmoja aliyevaa sari ya kijani aliona jambo hilo, akajifunza ishara ya soda papo hapo, na baada ya muda mfupi alikuwa amewaagizia wenzake soda za meza nzima. Baadaye niliambiwa kwamba huyo ni Sudha, binti yako. Hongera, Bwana Katibu. Machimboni angekuwa nyapara.

3. Mimi sikuamuru mashine izimwe. Nilikuwa nacheza.

Kwetu Kimilili tunacheza kwa mabega. Mikono inakaa chini, mabega ndiyo yanafanya kazi. Nilianza hivyo, kama nilivyolelewa. Lakini yule kijana Tejinder, mwenye kilemba chekundu na gitaa, aliinua mikono juu akaipishanisha, na ukumbi mzima ukafanya hivyohivyo. Nami sikutaka kuonekana mshamba katika mji ambao nimeujengea barabara. Nikainua yangu.

Mikono yangu ni ya kupakia mawe. Ikiinuka, inaonekana. Hilo si kosa la mikono.

Kwa hiyo Joash, aliyekuwa nyuma ya ukumbi na jenereta yake kwa sababu umeme wenu unashindwa na vyombo vya roki, alichungulia dirishani akaona ukumbi mzima, wazee kwa vijana, ukimsihi azime mashine. Afanye nini? Aingie aulize? Aseme ngojeni kwanza wimbo uishe? Alizima. Katika jengo lile lote, mtu aliyefanya kazi yake sawasawa usiku ule ni mmoja, na huyo ndiye mliyemfukuza.

4. Tangu mumfukuze, Joash analala kwetu.

Tulikuwa watatu katika chumba chenye vitanda viwili, sasa tuko wanne. Joash anakoroma. Mimi simsikii, kwa sababu nitakayoieleza mbele, lakini namhisi kwenye mbao za kitanda. Wanyoike anamsikia. Wanyoike alikuwa mtu mcheshi. Sasa anakwenda kazini macho mekundu na juzi alilipakia lori la nyapara badala ya lori la mteja. Hasara hiyo iwekwe kwenye hesabu ya kamati yako.

Isitoshe, Joash hana la kufanya, kwa hiyo anatupangia vitu. Ameipanga sufuria mahali ambapo hatujaiona tena.

5. Roki yenu imeanza kuzuia ujenzi wa Nakuru.

Hili ni zito, Bwana Katibu, nakuomba uketi. Tangu usiku ule, vijana wa mji wameifanya ile mikono kuwa salamu. Wanapita barabarani kando ya machimbo wamepishanisha mikono juu ya kichwa, wanacheka, wanayumba. Kijana aliyechukua nafasi ya Joash kwenye injini ni mwaminifu kama Joash. Kila akiona mikono, anazima. Jumatatu alizima, tukakimbilia ukanda kutafuta nani amekamatwa, tukahesabu vidole vyetu, vyote vipo. Tukawasha. Likapita kundi lingine la vijana. Akazima.

Jumanne haikuwa tofauti. Kwa hiyo kokoto hazitoki. Kokoto zisipotoka, ule ukuta mpya wa ukumbi wako, uliouagizia kokoto kwetu, hausimami. Kwa maneno mengine, ukumbi wako unajizuia wenyewe kujengwa kwa kucheza.

Dawa ninayo. Kuanzia Jumamosi, asiyewahi kufanya kazi machimboni asiruhusiwe kuinua mikono. Anayetaka sana kuinua, aje kwetu afanye shifti moja, apewe cheti. Jukwaani awekwe mtu wa ishara. Tejinder aliruka kutoka juu ya lile sanduku la spika bila mtu kukagua chini. Naye avae kofia ya chuma juu ya kilemba, au kilemba juu ya kofia, dini yake itakavyoamua. Yule mpiga ngoma anayerusha vijiti aseme kwanza, "Angalieni chini!" Na katikati ya onyesho pigeni king'ora watu wanywe chai, kwa maana hata punda hupewa nafasi ya kupumua.

6. Muziki ulikuwa mdogo.

Hapa wenzangu wameniambia nisiandike, kwamba utanicheka. Naandika.

Mashine ya kokoto imeninyima masikio kidogo kidogo, kama panya anavyokula gunia. Huhisi maumivu. Siku moja tu unaona unga umepungua. Kanisani hapa Rhonda nakaa kiti cha mbele, namwona mhubiri akifungua na kufunga mdomo, nami nasema amina pale wengine wanapoinamisha kichwa. Redio ya Wanyoike naiweka shavuni. Mke wangu alipokuja kunitembelea alidhani nimemkasirikia, kwa kuwa alikuwa akiniita kutoka jikoni na mimi natazama ukuta. Amerudi nyumbani sasa, na huwa ananiandikia. Barua ni nzuri. Barua haihitaji kurudiwa mara mbili.

Usiku ule ulikuwa wa joto, mvua bado iko mbali, milango yote wazi, vumbi la mji limelala. Tejinder aligusa gitaa mara moja. Kwanza liliingia kwenye nyayo. Likapanda magotini, likapita tumboni likakaa kifuani, na kutoka kifuani, Bwana Katibu, likafika masikioni. Nilisikia. Sikuambiwa na mtu kwamba kuna wimbo, nilisikia wimbo. Palikuwa na sauti nene ya chini, na juu yake nyingine nyembamba inayopinda kama moshi, na ngoma, na watu. Nilimtafuta Achola kwa macho nimwambie, nikakuta sina ishara yake. Miaka yote machimboni hatujawahi kuhitaji ishara ya kusema nasikia. Nikacheka tu. Ndipo nikainua mikono, kama nilivyokwisha eleza.

Halafu giza, na kimya kile ninachokijua.

Kwa hiyo lalamiko langu la mwisho ni kwamba nilipewa nusu ya wimbo. Naomba nusu iliyobaki. Na kwa kuwa majirani wa ukumbi wanasema muziki ulikuwa mkubwa mno, naomba uwajibu kwamba upo ushahidi wa maandishi kutoka kwa mtaalamu wa kelele kwamba ulikuwa mdogo. Jumamosi uongezwe kidogo, nami niwekwe karibu na spika, mahali ambapo watu wengine hawataki kukaa hata hivyo.

Hayo ndiyo yangu. Karatasi ing'olewe, misumari tutakurudishia ikiwa imenyooka. Joash arudi kwenye jenereta yake, maana mtu anayetii mkono ulioinuliwa bila kuuliza hapatikani kila siku, hasa siku hizi.

Nisalimie kamati yote, hata yule mjumbe aliyekanyagwa gizani na Wanyoike. Msalimie Tejinder na vidole vyake. Msalimie mkata tiketi, na yule kijana wa mlangoni mwambie poda bado ipo. Msalimie Sudha, ukimtikisia kidole gumba mdomoni atajua ni kutoka kwetu. Wanyoike anakusalimu kwa usingizi, Achola anakusalimu kwa mikono yote miwili.

Ni mimi niliyezuiwa mlangoni lakini sina kinyongo,

Naftaly Khisa.

Baada ya sahihi:

Bwana Katibu, bahasha ilikuwa karibu kufungwa Joash alipoingia na kutaka kuisoma barua hii, kwa kuwa inamhusu. Amesoma hadi lalamiko la tatu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Sasa ametueleza, tena kwa ishara ili nami nisikose neno.

Anasema hakuona mikono ya mtu yeyote. Lile dirisha la nyuma ni dogo, linaonyesha nyuso tu. Jioni yote alikuwa ameketi kando ya jenereta inayonguruma, na katika Section 58 nzima yeye peke yake ndiye hakusikia hata kamba moja ya gitaa. Aliona watu wakirukaruka. Aliona midomo wazi. Halafu akaona uso wangu, Khisa kiziwi, nacheka kama mtoto. Akajiambia: kama Khisa amelisikia, basi hili si jambo la kunipita mimi.

Akazima jenereta ili naye asikilize.

Anasema alitega sikio vizuri sana, na kwamba hadi leo haelewi kwa nini waliacha kupiga zamu yake ilipofika.

Kwa hiyo, Bwana Katibu, futa lalamiko la kwanza, la pili, la tatu na la tano, yote ya mikono, kwani mikono haikuzima kitu. La nne liache, bado anakoroma. La sita nakuomba uligeuze. Usiongeze sauti. Nunua waya mrefu. Jenereta iwekwe mbali, kule mwisho wa kiwanja, na Joash apewe kiti karibu na mlango. Mtaro wa kupitishia waya tutauchimba sisi wenyewe, Ijumaa jioni, bila malipo. Kuchimba tunajua.