Mgeni wa Beseni

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu kwa kuteleza! Nisingeanguka miambani nisingemwona: samaki wa urefu wa kidole, hana gamba hata moja, juu ya macho vishungi viwili. Aina mpya! Keshokutwa nampeleka kwa mtaalamu wa makumbusho, ampe jina langu. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada ya mke wangu, ana kauri yake ya baharini pale kwenye kabati la kioo, na kibandiko chenye jina lake. Mama mkwe, mgeni wetu wiki hii, hali chakula bila kuitaja. Basi, zamu yangu imefika. Samaki yumo kwenye beseni la kufulia. Mke wangu kauliza atafulia wapi. Swali dogo kwa siku kubwa.

Jumanne, 4 Machi
Maji ya bahari yananuka. Mgeni anastahili bora. Nikamwekea maji safi ya bomba, chumvi ya jikoni kiganja kizima, nikakoroga, nikaonja. Barabara! Mwanyumba kapita, kachungulia, kasema samaki huyu hata watoto wanamjua. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumatano, 5 Machi
Beseni tupu! Nimemshuku paka wa jirani. Kisha mwanyumba. Nimetambaa uvunguni hadi kiuno kikakaza. Wamenivuta kwa miguu. Ndipo mama mkwe akaokota tambara bichi la kudekia, akamkuta humo, mzima. Hakupiga hata ukelele. Kasema samaki ana akili kuliko mwenyeji wake: ameikimbia supu. Akaenda mwenyewe kuteka maji ya bahari. Nimelia machozi ya kweli. Mwanamke huyu sikumjua.

Alhamisi, 6 Machi
Siinuki kitandani. Mama mkwe kampeleka samaki mwenyewe. Mtaalamu kamtazama kwa lenzi: ngozi tupu yenye ute, vishungi, meno kama kitana, ya kukwangulia mwani. Kasema anajulikana siku nyingi, kila mwamba una wake, na hata nje ya maji huishi mradi pawe na unyevu. Hapewi jina jipya. Lakini tangi lao halikuwa naye, na wamefurahi mno. Wamebandika kibandiko: jina la mama mkwe! Mama kadai alinitaja, ila nafasi haikutosha.

Jioni kamwambia mwanyumba kauri yake imekufa, samaki wetu anaogelea. Wetu! Kisha akanikanda kiuno. Sijawahi kushukuru hivi.

Jumapili, 9 Machi
Kiuno kimepona. Nimekwenda kuushukuru mwamba. Nikateleza. Namshukuru Mungu! Mwingine, hana magamba, tena ana madoa! Huyu mtaalamu hajamwona, naapa. Nitampa jina la mama mkwe, anastahili. Yumo kwenye beseni analoogea mama mwenyewe, kwenye maji safi ya bomba. Yule wa kwanza alikimbia kwa sababu chumvi ilikuwa kidogo. Huyu nimemwekea viganja viwili.