Marufuku Kumpita Mgeni Rasmi

Halmashauri ya Mji iliwatangazia wananchi wote, wenye raba na wenye kandambili, kwamba katika sikukuu ya kiangazi kutakuwa na mbio za barabarani za kilomita tano, zenye ushindani wa kweli, huru na wa haki, na kwamba mshindi ameshapatikana.

Maneno ya mwisho yalifutwa baadaye kwa wino mweupe, lakini ukiliinua tangazo juani bado yalisomeka.

Aliyeyafuta ni Afisa Itifaki. Msimdharau. Itifaki ni elimu ya nani akae wapi, nani asimame lini, na nani acheke baada ya nani. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha makofi. Asipoanza, ukumbi mzima hubaki mikono mapajani. Aliamini kwa dhati kwamba nchi imesimama kwa sababu watu wamekaa walipoambiwa wakae.

Zawadi ya mbio ilikuwa bomba. Mtaa wa mshindi ungezinduliwa bomba lake siku hiyohiyo. Mji ulikuwa na mabomba mapya tele, yote yana maji, yote yamepigwa kufuli na kufungwa utepe, yakimsubiri mgeni rasmi. La mtaa wa Afisa Itifaki lilisubiri tangu enzi za wakurugenzi watatu waliopita. Wa kwanza alikuja na mkasi, ikanyesha mvua, akarudi zake. Wa pili alikuja bila mkasi. Wa tatu alikuja na mkasi na mpiga picha, kamera ikaisha chaji; na uzinduzi usio na picha, kwa mujibu wa Waraka, ni uharibifu wa utepe. Wakubwa wameshasahau. Wabeba ndoo wanakumbuka mpaka rangi ya mkasi.

"Wewe si uko humohumo ndani?" dada yake mkubwa, waliyekaa naye mtaa mmoja, alimwuliza. Dada huyu alikuwa dobi, anafua mashuka ya nyumba za wageni, na kila tone la maji yake lilipanda kilima likiwa kichwani mwake. "Waambie wafungue koki, basi."

"Dada, koki haifunguliwi. Koki huzinduliwa."

"Haya. Nitakimbia."

"Kimbia, dada. Ila kuna kakipengele."

Kakipengele kenyewe ni hiki. Mkurugenzi wa Mji, baada ya daktari kumshauri atembetembee, aliamua kushiriki. Kwake mabomba yalifika mpaka kwenye maua, lakini alitamani moja la kurusha maji hewani, la kuburudisha macho. Kamati Ndogo ya Kupitana ikakaa, ikanywa chai, ikaamua: Mkurugenzi ndiye mgeni rasmi, na kumpita mgeni rasmi ni utovu wa nidhamu. Mwananchi ana haki ya kukimbia kwa kasi yoyote aipendayo, ilimradi awe nyuma.

"Kwa hiyo tunamsindikiza?" dobi akauliza.

"Mnashindana, dada. Mnagombea nafasi ya pili."

"Ya pili ina bomba?"

"Ina cheti."

"Cheti nikifulie mashuka?"

Siku ikafika, filimbi ikalia. Mkurugenzi akaongoza, suti yake ya michezo imepigwa pasi kama ya harusi. Nyuma yake, hatua moja, upande wa kushoto, Afisa Itifaki na mwavuli. Nyuma ya mwavuli, mji mzima. Mkurugenzi alipochoka akatembea, mji ukatembea. Kinyozi mmoja mwenye haraka zake alikimbia palepale aliposimama, anapandisha magoti mpaka kifuani. Mkurugenzi alipoinama kufunga kamba za viatu, mji mzima uliinama kufunga kamba, hata wenye kandambili. Muuza magazeti aliyeteleza akajikuta sambamba na bega la Mheshimiwa alitakiwa aandike barua ya kujieleza bila kupunguza mwendo.

"Mdogo wangu," dobi alinong'ona nyuma ya mwavuli, "huyu hata nikitembea tu nampita."

"Dada, tafadhali. Kibarua changu."

"Na shingo yangu?"

Kwa swali hilo hapakuwa na waraka.

Mstari wa mwisho ukaonekana: utepe umewambwa, jukwaa limepambwa, viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu. Zikiwa zimebaki hatua chache, Mkurugenzi akasita. Viti vyote vilikuwa vitupu. Watumishi wote walikuwa wameamriwa wakimbie, na walikuwa wanakimbia. Wapiga tarumbeta walikuwa nyuma, wanahema. Mpiga picha alikuwa nyuma, kamera inamgonga tumboni. Aliyekuwepo mbele ni mbwa mmoja, kajilaza kwenye kiti cha mgeni rasmi.

"Watu wako wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Wako nyuma yako, Mheshimiwa," Afisa Itifaki akajibu.

"Sasa nani atanipokea?"

Mji mzima ulikuwa unakimbia palepale.

"Ndiyo hapo sasa, Mheshimiwa," dobi akapaza sauti. "Ufike kabla ya watu kama fundi wa kupanga viti? Hebu mwulize mtaalamu wako."

Mkurugenzi akamgeukia mtaalamu wake. Tangu apate cheo hajawahi kufika mahali pasipo na watu waliochoka kumngoja. Afisa Itifaki aliutazama utepe. Akamtazama dada yake, shingo ilivyozama mabegani kwa ndoo za miaka yote ile. Kisha akakohoa, kikohozi cha kiofisi.

"Kwa mujibu wa taratibu, Mheshimiwa, mgeni rasmi huwasili wananchi wakiwa wameshaketi. Akitangulia, anahesabika... mwananchi."

"Mwananchi?" Mkurugenzi alishtuka kama aliyetukaniwa mama. "Watangulie! Wote! Upesi!"

Kabla "upesi" halijatoka lote, dobi alikuwa ameshakata utepe kwa kifua.

Mkurugenzi akasubiri kando ya mtaro, mpaka bibi wa mwisho alipopata kiti. Ndipo tarumbeta zikalia, naye akawasili kwa vifijo na nderemo, wa mwisho katika mji mzima. Alipotanabahi, mshindi alikuwa ameshatangazwa kwenye vipaza sauti, na picha zimeshapigwa.

Msafara ukaelekea mtaani kwa dobi. Mkurugenzi akakata utepe, kufuli likafunguliwa, koki ikakohoa kutu, ikatema hewa, kisha maji yakaja kwa fujo. Akafunua hotuba yake.

"Ndugu wananchi, maji ni..."

Alipoinua macho hakuona mtu. Walikuwa wametimua mbio kufuata ndoo, na safari hii hakuna aliyekimbia palepale. Alibaki mpiga tarumbeta mmoja, mgeni wa mtaa, anaitazama tarumbeta yake kwa fikra mpya.

"Itifaki!" Mkurugenzi aliita. "Makofi!"

Afisa Itifaki alikuwa anachomoza konani, tai imerukia mgongoni, ndoo kila mkono. Akampita Mkurugenzi upande wa kulia, kwa kasi, bila idhini ya kamati yoyote, akapanga foleni nyuma ya dada yake. Watu wakajaa, maji yakawaruka miguuni, na Mheshimiwa akajikuta katikati na karatasi yake mkononi, mpaka bibi mmoja akamgusa kiwiko, kwa adabu kabisa.

"Baba, kama huna ndoo, tupishe."